Redio ya Matopeni

Kituo chetu kina jina rasmi, limeandikwa kwenye kibali na kwenye bati la mlangoni, lakini hakuna anayelitumia. Watu wote hukiita Redio ya Matopeni. Aliyekisababishia jina hilo ni Mzee Waya, mtu aliyenifundisha kazi ninayoifanya mpaka leo.

Mzee Waya alikuwa mpiga telegrafu wa reli. Reli ilipoachana na telegrafu, wenzake walipelekwa kukata tiketi. Yeye alikataa, akasema vidole vyake havikuumbwa kutoboa karatasi. Alirudi nyumbani na marobota ya waya wa shaba ulioteremshwa kutoka kwenye nguzo, pamoja na barua ya kumruhusu kuuchukua ili asije akaitwa mwizi. Mtambo wa kurushia matangazo aliupata kwenye uwanja mdogo wa ndege. Zamani ulikuwa ukiwaongoza marubani, kisha ukalala miaka sita, panya wakazaliana ndani yake. Wenye uwanja walimsaidia hata kuupakia, maana hakuna aliyejua kuuwasha na ulikuwa unawazibia njia ya kwenda chooni.

Chama cha wakulima kikampa ghala lililokuwa la magunia, katikati ya mji. Hilo likawa studio. Kuta zilivikwa mablanketi na trei za mayai ili sauti isigongane, na dirisha likazibwa mpaka mtu akisoma taarifa ya robo saa alitoka amelowa kama aliyenyeshewa. Kuhusu mlingoti, kila mtu alidhani atausimika kilimani. Mzee Waya akaupeleka bondeni, kwenye matete, nyuma ya tanuri za matofali, mahali ambapo hata mbuzi hawakupenda kukanyaga. Mwenyekiti wa chama akamuuliza kama alishawahi kuona mtu mwenye akili akipanda ngazi kwa kushuka. Mzee Waya akamweleza kwamba mawimbi ya masafa ya kati hutambaa na ardhi, na ardhi yenye maji ndiyo inayoyabeba mbali. Alizika waya mia moja na ishirini, zote zikianzia chini ya mlingoti na kusambaa kama spoki za baiskeli. Kazi hiyo ilimchukua miezi minne, maji yakimfika magotini. Watu walikuja kumtazama mzee anayepanda waya, na mmoja alimuuliza atavuna lini.

Alivuna siku ya kwanza. Sauti ilifika ng'ambo ya milima, mwendo wa siku tatu kwa miguu, na waliomcheka wakaanza kuulizana redio zinauzwa wapi.

Sauti yenyewe, lakini, haikuwa ile iliyotarajiwa. Chama kilikuwa kimeajiri mtangazaji, jitu la miraba minne lenye sauti nzito kama pipa linalovingirishwa. Siku ya ufunguzi, wakubwa wamekaa kwenye viti vya mbele, taa nyekundu ikawaka. Yule bwana akafungua mdomo, pasitoke kitu. Akameza mate, akajaribu tena, kisha akainuka akatoka nje, na hakurudi hata kuchukua koti lake. Chumba cha pili alikaa binti mpiga chapa aliyeichapa ile taarifa. Mzee Waya alimshika mkono akamkalisha mbele ya kipaza sauti. Binti akasoma kila kilichokuwa kwenye karatasi, kuanzia tarehe hadi mstari wa mwisho kabisa: "Nakala kwa Mwenyekiti, kwa Katibu, na kwa faili."

Mji ulicheka wiki nzima. Sokoni mtu hakumaliza kupatana bei bila kuongeza "nakala kwa faili." Tangu siku hiyo binti yule akaitwa Bi Nakala, na kwa muda wa miaka thelathini na minne ndiye aliyekuwa sauti ya kituo. Baadaye akawa mama mkwe wangu.

Nimefanya kazi na watangazaji wengi. Wapo wenye sauti tamu kuliko yake, na wapo wenye maneno mengi kuliko yake. Sijaona mwingine aliyeliogopa neno kama yeye. Alichapa kila tangazo mwenyewe, hata la ng'ombe aliyepotea, akalisoma kimya mara mbili kabla ya kulitoa hewani. Mtu akileta tangazo la msiba, swali lake la kwanza lilikuwa kama wenye msiba wanajua. Kama hawajui, alifunika taipureta yake na kwenda mwenyewe, au kumtuma mtu, ndipo tangazo lisomwe. Alikuwa akisema kwamba habari ya kifo isimkute mtu peke yake anamenya viazi, redio imewekwa dirishani. Wapo waliomlalamikia kwamba anachelewesha. Aliwasikiliza kwa adabu zote na kuendelea kuchelewesha.

Mimi niliingia kituoni nikitoka chuo cha ufundi, nikiwa na cheti na kiburi kidogo. Mzee Waya, aliyekuwa ameshaanza kuona kwa shida, alikisogeza cheti pembeni na kunipa kipande cha mtambo kilichoungua, akaniambia nimweleze kilikufa kwa ugonjwa gani. Nilipatia. Akanipa funguo za kibanda cha mtambo, kule bondeni, na tangu hapo watu wakaniita Fundi. Mwana wa kiume wa Bi Nakala alikuwa karani kwenye machimbo ya mawe yaliyo upande wa pili wa matete. Kila jioni alipita kibandani kwangu akidai anakata njia. Ilikuwa njia ndefu kuliko zote alizoweza kuchagua. Mwaka haukwisha tukaoana. Mama mkwe akaweka mpaka mmoja tu: nyumbani aliniita mwanangu, kazini aliniita Fundi, na hakuchanganya hata siku moja.

Tulikuwa na miezi minane ya ndoa wakati ukuta wa machimbo ulipoporomoka.

Ilikuwa yapata saa tatu asubuhi. Nilisikia mngurumo nikadhani ni lori limemwaga mawe. Kisha nikaona vumbi jeupe likipanda juu ya matete, likasimama pale kama halijui pa kwenda. Mzee Waya alikuwa amekaa kibandani pamoja nami, kama kawaida yake ingawa alishastaafu. Hakuona vumbi, lakini aliniuliza mara moja mume wangu ameingia kazini saa ngapi.

Nilishika baiskeli ili niende. Papo hapo mtambo ukaanza kunuka. Mkanda unaozungusha feni ya kupoza ulikuwa umekatika, na bila feni valvu kubwa za kukuza mawimbi zingeungua katika dakika chache. Nilikuwa nimeomba mkanda mpya tangu mwezi uliotangulia. Nikatazama kule kwenye vumbi, nikatazama mtambo. Mzee Waya akaniambia kwa upole nipunguze nguvu iwe nusu, kisha nitafute mpira. Mpira pekee uliokuwepo ulikuwa kwenye baiskeli yangu. Nikaitoa tyubu gurudumuni, nikakata pete moja, nikaivika kwenye feni. Ikazunguka. Nilipojipangusa mikono ndipo nilipotambua kwamba nimejikatia na njia ya kuondoka.

Redio ndogo ya ukutani ilikuwa wazi muda wote, kwa hiyo nilimsikia Mama, mkwe wangu, alipoanza. Hakuinua sauti. Alisema ukuta wa machimbo umeanguka, watu wako chini ya mawe, na waliofika kusaidia wanatosha. Akaomba malori yaliyosimama barabarani yaondolewe ili magari ya wagonjwa yapite. Akaomba mablanketi na damu, akataja mlango gani wa zahanati uendewe. Na jamaa za wafanyakazi akawaomba warudi majumbani. Nilijua anachoomba ni kigumu. Lakini barabara ilifunguka, maana aliyeomba ni yeye.

Yaliyotokea studio siku ile nilisimuliwa na Mwenyekiti mwenyewe, na hakujipamba. Saa tano na nusu muuguzi mkuu wa zahanati alipiga simu, Mama akaichapa orodha huku akiisikiliza. Waliotolewa hai walikuwa thelathini na mmoja. Waliofariki walikuwa wanane. Mwenyekiti alimtaka asome mara moja majina ya walio hai, maana watu walikuwa wanakufa kwa wasiwasi. Alikuwa na nia njema kabisa.

"Mwenyekiti," Mama akamwambia, "nikiwasoma walio hai nimewasoma na wafu."

Mwenyekiti akasema basi watumwe watu kwenye zile nyumba nane kwanza. Mama akafikiri, akakataa na hilo. Mji mzima umekaa ndani unasikiliza mlango, akasema. Mtu akionekana anaelekea nyumba fulani, mtaa wote utapiga kelele kabla hajabisha hodi. Watatumwa watu kwenye kila nyumba, ya aliye hai na ya aliyefariki sawasawa, ili hodi yenyewe isiseme kitu.

Akarudi hewani. Alisema orodha anayo mkononi na hataisoma bado, na akaeleza kwa nini, kwa maneno machache kama ninavyoyaeleza hapa. Kisha akaita watu waje dirishani kwake: walimu, washonaji, mafundi seremala, yeyote ambaye miguu yake ni mizima na mdomo wake unafungika. Walikuja zaidi ya waliohitajika. Mama alichapa kila jina kwenye kipande chake cha karatasi, pamoja na hali ya mtu huyo na mahali alipo, akakikunja na kumkabidhi mtu mmoja aende nyumba moja. Kila aliyebeba habari mbaya aliambiwa asirudi, akae pale mpaka afike ndugu wa kukaa badala yake. Kinyozi mmoja alikaa siku mbili.

Mimi sikuyajua haya yote. Nilijua kwamba Mama ana orodha. Saa saba pete ya kwanza ya mpira ikakatika; nikavika ya pili. Kulikuwa na simu ya kukoroga, yenye mpini wa kuzungusha, baina ya kibanda na studio, kwa ajili ya kazi tu. Nikaikoroga.

Alipokea akasema, "Fundi, mtambo ukoje?"

Nikamwambia unakwenda kwa nusu ya nguvu. Kisha nikauliza, "Mama, jina lake lipo?"

"Halipo."

"Kwenye orodha ipi?"

"Kwenye zote mbili, mwanangu."

Hapo ndipo nilipokuja kuelewa. Waliokuwa kazini asubuhi ile walikuwa arobaini, na orodha ilikuwa na thelathini na tisa. Nilikuwa nimekaa saa nzima nikimkasirikia kwa kunificha, kumbe hakuwa na cha kunificha. Hakujua zaidi ya nilivyojua mimi, na alikuwa ametoka kuchapa karatasi thelathini na tisa za watoto wa wenzake. Mwenyekiti aliniambia kwamba ya arobaini ilibaki kwenye taipureta: jina la mwanawe, halafu nafasi tupu.

Nilimwomba amtangaze. Aseme tu jina, aliyemwona apige simu. Akaniambia akimtangaza wake, kila mama atataka wake atangazwe, na saa ile redio ilikuwa ya damu na mablanketi. Kisha akasema, "Usiuache mtambo uzimike," akakata simu.

Nilipiga moyo konde kwa sababu hapakuwa na kitu kingine cha kupiga. Mzee Waya alishikilia mkono wake juu ya bati la mtambo, akisikiliza joto kwa kiganja kama anayempima mtoto homa, na kila lilipozidi aliniambia nifungue mlango au nipunguze tena. Hakunituliza kwa maneno. Mara moja tu alisema kwamba Bi Nakala amekosea. Tangazo moja fupi lisingemnyima mtu damu. Nilikata pete ya tatu.

Saa tisa watu wote waliotumwa walikuwa wamefika walikotumwa. Mama akasoma orodha nzima. Alianza na wale wanane, kila mmoja kwa jina lake na la mzazi wake na kazi aliyokuwa akiifanya: mchonga mawe, mpasua mawe, dereva wa toroli. Kisha wale thelathini na mmoja. Nilihesabu kwa vidole vilivyojaa grisi. Nyumba zile zilikuwa zimeshajua, kwa hiyo mji haukupiga kelele. Mji ulikaa kimya ukamsikiliza mpaka mwisho. Watu waliokuwa watoto wakati ule wananiambia leo kwamba wanaweza kuyataja majina yote manane kwa mpangilio aliousoma.

Saa kumi na robo matete yakatikisika, akatokea mtu mweupe kuanzia nywele hadi viatu. Kucha zake mbili hazikuwepo. Alisimama mlangoni akaomba maji.

Sikumkimbilia. Nilikuwa nimeshika bisibisi ndani ya mtambo, na mkono wangu ulikataa kufunguka. Mzee Waya ndiye aliyeinuka akampa kikombe, akampapasa uso mzima kwa vidole, kisha akasema, "Ni yeye." Ndipo nilipolia.

Habari yake ilikuwa nyepesi. Ukuta ulipoanguka alikuwa ofisini, mbali kidogo, kwa hiyo hakufukiwa. Alikimbilia upande wa pili wa lile rundo, ambako sauti zilikuwa zinasikika, akachimba kwa mikono na watu waliokuja kusaidia, saa saba mfululizo. Walioandika majina waliandika waliotolewa chini ya mawe. Waliokuwa wakiwatoa hakuna aliyewaandika. Nilimuuliza kwa nini hakutuma hata neno. Akanitazama kwa mshangao wa kweli.

"Sikujua natafutwa," akasema.

Nikakoroga simu. Mama alipopokea nilimwambia, "Wa arobaini yuko hapa. Anakunywa maji."

Akajibu, "Asante, Fundi. Nina tangazo la damu, nisilicheleweshe."

Akarudi hewani akasoma tangazo la damu. Sauti ilikuwa ile ile. Hakusema lolote juu ya mwanawe, siku ile wala wiki ile, kwa kuwa nyumba nane zilikuwa na msiba. Alikosea kitu kimoja tu. Alipotaja saa, alisema ni saa mbili asubuhi. Watu walikuwa wakirekebisha saa zao kwa sauti yake, na mji mzima ukalisikia kosa hilo. Hakuna aliyepiga simu kumsahihisha.

Miaka mingi baadaye, tukikunja nguo uani, nilimuuliza kama angefanya vile tena. Akasema angefanya, ila hataki kusifiwa kwa jambo hilo, kwa sababu siku ile alinitesa na alijua kuwa ananitesa. Nilimwambia Mzee Waya alisema amekosea. Akacheka. "Aliniambia na mimi," akasema. "Kila mwaka aliniambia, mpaka alipokufa."

Vituo vya masafa mengine vilikuja, vyenye muziki safi na vijana wanaocheka kila baada ya neno. Tulipoteza wasikilizaji wa mjini, siwezi kudanganya. Wezi wakachimbua waya thelathini za Mzee Waya wakayeyusha shaba, na sauti yetu ikarudi nyuma upande wa mashariki. Niliwasomea wasikilizaji barua ya kueleza kwa nini hawatusikii vizuri, ingawa waliokuwa hawatusikii hawakuisikia. Jumamosi iliyofuata nilikuta watu sitini na majembe bondeni, suruali zimekunjwa. Waliuliza mitaro ipite wapi. Wengi walikuwa watoto wa wachonga mawe. Shaba hatukuwa nayo, kwa hiyo tulizika waya wa chuma wa uzio, ambao haupitishi umeme vizuri kama shaba lakini mwizi hautaki.

Mwaka jana walikuja wakaguzi wa serikali na vyombo vyao. Tulidhani wamekuja kutuzima, maana wenzetu wengi wa masafa ya kati wamezimwa. Walizunguka na gari siku nne wakipima. Mkubwa wao, kijana mpole mwenye miwani, alirudi akaniambia kwamba ng'ambo ya milima kuna mabonde ambako, zaidi yetu, hawakusikia kitu chochote. Kibali kimeongezwa miaka kumi. Aliomba kuonana na aliyechagua mahali pa mlingoti, nikampeleka akaone kaburi.

Mama ana miaka themanini na moja. Sikio la kushoto limekufa, la kulia linachagua. Ameacha kutoka nje, lakini asubuhi hukaa jikoni karibu na redio, mgongo wima, kama yuko kazini. Nina mtangazaji mpya, msichana hodari anayesoma haraka mno. Jana Mama alinipigia simu kibandani wakati taarifa inaendelea.

"Fundi," akasema, "mwambie huyo mtoto apumue. Hao anaowataja ni watu."

Nikayaandika maneno hayo kwenye kijikaratasi, nikampelekea msichana studio.